Nyumba Iliyokuja kwa Punda

Bati lilianza kulia kabla Josiah hajafungua macho. Kwaa, kwaa, kimya kidogo, kisha kwaa tena, mfano wa mtu anayeburuta sufuria la arusi juu ya changarawe. Sauti ilitoka upande wa mto Kawalase, ikapanda polepole, ikapita nyuma ya maduka, ikaja moja kwa moja mpaka kwenye chumba alichopanga, na hapo ikanyamaza. Akasikia mnyama akipiga chafya. Akasikia mtu akitema mate. Kisha fimbo ikagonga mlango mara mbili, bila haraka.

Alipofungua, jua la Lodwar lilikuwa bado halijapata ukali. Punda sita walikuwa wamepanga mstari mbele yake, wamefungwa mabati ubavu huu na ubavu ule, na nguzo zikiburutika mavumbini. Punda wa mbele alibeba mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani. Kando yake alisimama mama mrefu, mwembamba, shanga zimejaa shingoni mpaka kidevuni, vumbi limempanda hadi magotini.

"Ejok," akasalimu.

"Ejok noi, mama," Josiah akajibu, mdomo wenyewe ukijibu kwa mazoea, kwa maana akili yake ilikuwa imeshikwa na ule mlango.

"Nyumba yako hii," mama akasema. "Imefika. Hesabu."

Josiah aliutazama mlango tena. Aliujua. Wiki mbili zilizopita aliuona Kakuma, umesimama kwenye fremu yake, na nyuma yake kuna nyumba nzima. Sasa nyuma yake kulikuwa na mkia wa punda.

Josiah alikuwa kijana wa Kimilili, miaka ishirini na minne, mwenye shingo ngumu na kalamu nzuri. Miaka mitatu alikuwa ameuza misumari na saruji kwenye duka moja la Kitale. Mbele ya duka lile alimwona mtu aliyemshangaza kuliko matajiri wote wa mji. Mtu huyo alikuwa na koti moja, hakuwa na shamba wala nyumba, na kila mwezi aliuza nyumba. Josiah alimchunguza mpaka akaelewa. Mtu yule alimtafuta mwenye nyumba aliyechoka na nyumba yake, akapatana naye bei ndogo, akampa kianzio, akaandikiwa barua kwamba kwa siku thelathini nyumba ile haiuzwi kwa mwingine. Kisha alimtafuta anayeitaka kwa bei kubwa, akamkabidhi ile barua. Tofauti ilibaki kwenye koti lake. Mara nyingine alinunua kwanza mkebe wa rangi na bawaba mpya, na tofauti ikanenepa.

Basi Josiah akaacha kazi. Hakuacha kimyakimya. Alisimama mbele ya kaunta, wateja wamejaa, akamwambia mwenye duka, "Siku nitakayorudi hapa, nitakuja kununua, si kuuza." Duka zima lilisikia. Tangu siku hiyo njia ya kurudi Kitale aliifunga mwenyewe kwa ulimi wake, na aliyakumbuka maneno yale kila mara tumbo lilipomlalamikia.

Alikuja Turkana kwa sababu ya vigingi. Huo mwaka wa sabini na saba, watu wa kupima barabara walikuwa wamepita Kakuma wakipigilia vigingi vyekundu kando ya njia ya magari, na kila aliyejua kusoma alijua vinasema nini: malori yatakuja, vibarua watakuja, na watu hao watataka kula. Wachungaji wa mbuzi walivipita tu. Kwao vilikuwa vijiti vilivyopakwa rangi na wageni, vinavyowakwaza mbuzi.

Karibu na kigingi kimoja palikuwa na nyumba ya mama huyu, Nakuleu. Mumewe, marehemu Akuwam, alikuwa mpishi wa polisi. Ndiye aliyepewa kiwanja chake na kaunsil, yaani baraza la wilaya, na ndiye aliyenunua mabati mojamoja kwa miaka. Lakini nyumba aliijenga Nakuleu kwa mikono yake, maana kule mjenzi wa nyumba ni mwanamke. Akuwam alipofariki, mama alitaka kurudi kwa mbuzi wa kaka yake, Longor, upande wa Oropoi, na nyumba ikabaki imefungwa, popo wakiingia na kutoka.

Josiah alikwenda na rafiki yake Ekai, dereva wa lori la misheni, mtoto wa Kakuma aliyejua Kiswahili kizuri tangu alipokuwa jeshini. Walikaa kivulini, Ekai akatafsiri, maana Kiswahili cha mama kilikuwa kidogo. Josiah alitaja shilingi mia sita. Mama hakubishana. Aliuliza mambo mawili tu.

"Unataka nyumba yote? Na mlango?"

"Yote, mama. Mlango pia."

"Na wewe unakaa Lodwar?"

"Lodwar, nyuma ya maduka. Kila mtu ananijua."

Mama aliitikia kwa kichwa, na Josiah akafikiri ameuliza kwa adabu tu.

Kisha akaandika barua. Aliandika mabati ishirini na mawili, nguzo, mlango wa kijani. Kiwanja hakukitaja hata mara moja. Hakusahau, alikiacha kwa makusudi. Aliogopa kwamba akitaja ardhi, mama ataanza kuiwaza ardhi, na akiiwaza ardhi atauliza kigingi kinafanya nini pale. Ekai alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Na mahali penyewe, huandiki?"

"Wewe tafsiri tu, bwana."

Mama akabonyeza kidole gumba kwenye karatasi, akapokea noti moja ya mia kuwa kianzio, akaikunja na kuitia ndani ya kikopo cha tumbako.

Na sasa, asubuhi hii ya Jumanne, alikuwa ameileta.

"Mama," Josiah akasema, sauti ikianza kumpanda, "nani alikwambia ubomoe?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Umenunua nyumba yote, na mlango. Umesema unakaa Lodwar. Mimi nitakuletea nusu?" Alimgeukia mzee mfupi aliyekuwa amechuchumaa nyuma ya punda wa mwisho, akamwambia jambo kwa Kiturkana. Yule mzee alikuwa Longor, kaka yake, mwenye punda. Longor alimtazama Josiah kuanzia miguuni hadi kichwani, akatikisa kichwa kwa huruma, akaendelea kutafuna.

"Siku nne tumetembea," mama akasema. "Bati moja imekunjika kidogo pale mtoni. Hiyo toa kwa bei."

Josiah alishika kichwa. Alipiga kelele pia, hatutaficha. Alisema maneno ya Kibukusu ambayo mama yake asingependa kuyasikia, akauliza dunia hii ina watu gani, akakipiga teke kigogo kilichokuwa kizingiti chake na kuumiza kidole. Nakuleu alingoja. Aliwafungua punda wawili, akakaa chini kwenye kivuli cha mabati yake mwenyewe, akanyoosha miguu.

Ekai alifika akiwa na mkebe wa mafuta mkononi. Alimtazama rafiki yake, akawatazama punda, akautazama mlango. Kisha akaweka mkebe chini, akamshika punda shingoni, akacheka mpaka punda akasogea.

"Bwana dalali! Umeletewa mpaka nyumbani! Kitale wanaleta?"

"Ekai, nyamaza."

"Nilikuuliza pale, na mahali penyewe huandiki? Ukaniambia nini? Tafsiri tu. Nikatafsiri. Vizuri kabisa."

"Nyamaza, nimesema! Mugure anakuja Jumamosi!"

Hapo Ekai akaacha kucheka, maana alimjua Mugure. Watu wa Kitale walimwita Mama Hoteli. Ndiye aliyetaka kuwapikia vibarua wa barabara, na ndiye ambaye Josiah alimwahidi nyumba iliyosimama kando ya vigingi kwa shilingi elfu mbili. Angefika Kakuma Jumamosi pamoja na karani wa kaunsil, wakague, waandikishane. Na yule karani alikuwa ameshasema wazi mbele ya Josiah na Mugure: kiwanja kisicho na jengo kinarudi kwa kaunsil, na wanaokisubiri ni wengi.

"Kwa hiyo sasa hivi," Ekai akasema taratibu, "pale Kakuma kuna nini?"

"Mashimo," Nakuleu akajibu kwa Kiswahili. "Nguzo nimeng'oa vizuri."

Wakakaa chini wote wanne. Ekai alichemsha chai, kwa kuwa hapakuwa na jambo jingine la kufanya kwa haraka. Josiah alihesabu siku kwenye vidole. Lori la misheni lilikuwa linapeleka unga Kakuma kesho alfajiri, lingefika mchana. Alhamisi na Ijumaa zilibaki. Nyumba ndogo kama ile inaweza kusimama kwa siku mbili.

"Nitatafuta mafundi Kakuma," akasema.

"Mafundi gani?" Ekai akauliza. "Ukimwambia mwanamume wa pale akujengee nyumba, atakuuliza mke wako amekufa lini."

"Basi nitajenga mwenyewe."

"Wewe? Wewe umeuza misumari. Umeshawahi kupiga hata mmoja?"

Josiah alimgeukia Nakuleu, akalainisha sauti. "Mama, nakuomba. Turudi nayo. Uisimamishe pale pale ilipokuwa. Nitakulipa kazi yako."

Nakuleu alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Alipoanza kusema, alisema Kiturkana, na Ekai akatafsiri neno kwa neno, macho yake yakiwa chini.

"Anasema, nyumba anayoisimamisha mwanamke ni ya mwanamke huyo. Hakuna mwanamke anayemjengea mwanamume asiye mumewe. Anasema, wewe una nyumba yako hapa, imefungwa vizuri na kamba. Akienda kuisimamisha Kakuma, ni yake tena. Chagua."

"Lakini nimeshampa kianzio! Nina barua!"

"Anasema, barua inasema mabati. Mabati haya hapa."

Upepo ulipita, mabati yakalia kidogo, yakatulia. Kisha Nakuleu akauliza kwa Kiswahili chake mwenyewe, akimtazama Josiah usoni, bila ukali wowote:

"Bati ni ile ile. Nguzo ni ile ile. Hapa hutaki, kule unataka. Kwa hivyo wewe hutaki nyumba. Unataka pale. Pale kuna nini?"

Josiah alifungua mdomo. Maneno yalikuwa mengi, yamejipanga tayari, mazuri na laini, kwa maana hilo halikuwahi kumpungukia. Angeweza kumwambia ni upepo mzuri. Angeweza kumwambia ni kisima kilicho karibu. Alimtazama Ekai, na Ekai hakumsaidia. Alimtazama Longor aliyelala chali na kofia ya manyoya ya mbuni usoni. Siku nne hawa watu wametembea kwa miguu ili kumtimizia neno ambalo yeye mwenyewe alilikata nusu. Moto ulimpanda usoni, na safari hii haukuwa wa hasira.

"Vile vijiti vyekundu, mama," akasema mwishowe. "Ni vya barabara. Itakuwa kubwa, malori yatapita mchana kutwa. Kuna mama mmoja wa Kitale anataka kupika hapo. Atatoa elfu mbili."

"Elfu mbili."

"Ndiyo."

"Na mimi, mia sita."

"Ndiyo."

Nakuleu alitoa kikopo cha tumbako, akakifungua, akaikunjua noti ya mia, akaipangusa tumbako kwa kidole na kuiweka juu ya goti la Josiah. Kisha akanyoosha mkono, kiganja wazi.

Josiah alijua anachotaka. Barua ilikuwa ndani ya shati, kwenye mfuko wa kifuani, imekunjwa mara nne. Ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo duniani. Akiitoa, hana nyumba, hana haki yoyote juu ya kiwanja, na mama akitaka kumfukuza Jumamosi mbele ya Mugure, atamfukuza. Asipoitoa, ana mabati ishirini na mawili, moja limekunjika, na kaunta ya Kitale inamngoja.

Akaitoa. Nakuleu aliikunja tena, ikaingia ndani ya kikopo pale ilipotoka noti.

"Sasa," akamwambia Ekai, "lori yako inaondoka saa ngapi?"

Lori liliondoka alfajiri, magunia ya unga chini, mabati juu, na Nakuleu amekaa mbele na dereva, ameshika fimbo yake. Josiah alikaa nyuma juu ya mlango wa kijani. Longor alikuwa ameshaondoka na punda wake, watupu na wepesi. Walipompita njiani baada ya mawe ya Lodwar kuisha, alinyanyua fimbo mara moja bila kugeuka.

Kakuma, mashimo yalikuwa pale pale, kumi na manne, safi, yamefukuliwa kwa ustadi. Kigingi chekundu kilikuwa hatua saba mbele yake. Nakuleu alikitazama kigingi kwa muda mrefu, mara ya kwanza tangu kipigiliwe, akakizunguka, akageuka akatazama mahali nyumba ilipokuwa.

"Huyo mama," akamwuliza Josiah, "atauzia chai watu wa mto au watu wa barabara?"

"Watu wa barabara."

"Mlango ilikuwa inaangalia mto."

"Ndiyo, kwa sababu ya upepo, sivyo?"

"Upepo nitaufunga na makuti ya mkoma. Mlango iangalie barabara." Akachora mstari mchangani kwa fimbo, akachora mwingine. "Hapa ndefu. Hapa watu watakaa nje. Akuwam alikuwa mfupi, paa ilikuwa chini. Huyo mama mrefu?"

"Mrefu. Na mnene."

"Basi paa iende juu."

Alhamisi wakaja wanawake watano, majirani zake, wakiongozwa na mmoja aliyeitwa Nabei, mwenye kicheko kikubwa na nyumba yake mwenyewe karibu na kigingi cha tatu. Josiah aliazima sururu, akaanza kuchimba mashimo mapya pale Nakuleu alipochora. Wanawake walisimama kumtazama. Nabei alisema kitu, wote wakaanguka wakicheka.

"Anasemaje?" Josiah akamwuliza Ekai, jasho likimwingia machoni.

"Anasema Nakuleu amepata mke kutoka Kimilili. Anauliza mahari ni mbuzi wangapi."

"Mwambie ni wengi. Mimi ni ghali."

Ekai alitafsiri. Kicheko kiliongezeka, lakini tangu hapo Nabei alimletea maji ya kunywa kila alipomaliza shimo.

Wanawake walifanya kazi wakiimba, mmoja akianza na wengine wakimalizia. Nguzo zilisimama, fito zikafungwa kwa kamba za ngozi, makuti ya mkoma yakafumwa upande wa upepo mpaka mkono usingeweza kupenya. Josiah alikuwa na mkebe wa lami aliokuwa ameununua kwa ajili ya kuifanyia nyumba marembo kidogo kabla ya kuiuza. Akakaa mchangani na mabati yote ishirini na mawili, akaziba kila tundu la msumari wa zamani, na lile bati lililokunjika akalinyoosha kwa jiwe. Ijumaa jioni paa lilipanda. Mlango wa kijani uliwekwa wa mwisho, ukiangalia barabara ambayo bado haikuwapo.

Jumamosi saa nne Mugure alishuka kutoka kwenye gari la kaunsil, mama mkubwa mwenye kitambaa cheupe kichwani na kikapu mkononi, karani akimfuata na faili. Aliizunguka nyumba mara mbili. Aligonga nguzo kwa ngumi. Aliingia ndani, akanyoosha mkono juu, paa likawa bado mbali.

"Haiya! Wewe kijana uliniambia ni nyumba ya zamani, mlango uko nyuma, paa unaingia ukiinama. Nilikuwa nimeanza kupanga kubomoa."

"Ilibomolewa, Mama Hoteli," Josiah akasema. "Ikajengwa upya."

"Na nani?"

"Na mwenyewe. Huyu hapa, Mama Nakuleu. Barua niliyokuwa nayo nimeirudisha. Bei utapatana naye. Mimi nimewakutanisha tu."

Mugure alimtazama, akamtazama Nakuleu, akacheka puani. "Kijana, wewe ni dalali wa namna gani?"

"Anajifunza," Nakuleu akasema.

Wale mama wawili walikaa chini ya kivuli kipya cha mbele ya nyumba, Ekai katikati yao. Mugure alisema elfu mbili. Nakuleu alisema elfu mbili ilikuwa ya nyumba inayoangalia mto. Mugure alisema upepo utamjazia mchanga kwenye sufuria. Nakuleu akamchukua mkono, akampeleka upande wa makuti, akamwambia aweke kiganja. Upepo ulikuwa unavuma, kiganjani haukufika. Wakarudi kukaa. Mugure alisema hizo nguzo ni za zamani. Nakuleu alisema Mugure naye si msichana, na bado amesimama vizuri. Karani aliinamisha uso kwenye faili lake. Mugure alicheka mpaka kitambaa kikalegea.

Walipatana elfu mbili na mia nne, na nafasi ya Nakuleu kuuza tumbako yake pale mbele atakapokuja kutoka Oropoi. Safari hii karani aliandika kiwanja kwanza, upana na urefu wake, ndipo akaandika nyumba. Nakuleu alisikiliza kila neno likitafsiriwa, akauliza kuhusu kigingi, akajibiwa, akabonyeza kidole.

Mugure alipokwenda kupima mahali pa jiko, Nakuleu alimwita Josiah. Alihesabu noti taratibu, akizigusa kwa kidole chenye wino, akampa sita za mia.

"Mama, hii ni..."

"Ulisema mia sita ni bei nzuri. Mimi nilikuamini. Chukua bei nzuri."

Josiah alizipokea kwa mikono miwili. Alitamani kucheka na akatamani ardhi immeze, akashindwa kuchagua. Haikufika nusu ya kile alichotarajia kupata, lakini ilitosha kodi ya chumba, ilitosha mkebe mwingine wa lami, ilitosha asirudi Kitale mwezi huu. Mikono yake ilikuwa na malengelenge. Nyuma yake Mugure alikuwa anapiga kelele kwamba mlango huo ubaki na rangi hiyo hiyo, asiuguse mtu.

"Huyu mama anasema wenzake wa Kitale nao wanataka," Nakuleu akasema. "Wa kushona nguo, wa kuuza duka. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Watakuja."

Nakuleu alielekeza fimbo kwenye kigingi cha tatu, ambako Nabei alikuwa amekaa mlangoni pake, mkono juu ya macho, akiwatazama. "Nabei ameniuliza jana, huyo kijana wa mashimo, ni mtu gani. Sikumjibu. Nilisema ngoja Jumamosi. Sasa ni Jumamosi. Nimwambie nini?"

Ekai alikuja akasimama karibu, tayari kutafsiri, lakini Josiah alimpungia mkono akae. Alizikunja zile noti, akazitia kwenye mfuko wa kifuani pale palipokuwa na barua, akasimama mbele ya mama yule na kusema kwa sauti, ili hata Nabei, ikiwa upepo utamsaidia, asikie.

"Mwambie hivi, mama. Kabla sijamtajia bei, nitamshika mkono nimpeleke mpaka kwenye kigingi chake, nimweleze kinasema nini, nimtajie anayenunua ni nani na anatoa ngapi. Kiwanja nitakiandika mstari wa kwanza. Na siku nitakayoficha hata neno moja, ing'oeni nyumba ile, mnipakilie kwa punda, mniletee Lodwar nyuma ya maduka, nami nitaipokea bati kwa bati mbele ya mji mzima."